WARANTI SI SADAKA, IDAI!

KIJANA, tuseme umechukua pikipiki mpya Mpanda mjini kwa mkataba. Umerudi nayo Katumba, kijiwe kizima kimekuja kukupongeza. Mwezi wa tatu haujaisha, injini inakula oili, moshi wa bluu unatoka nyuma, mlio umebadilika. Unairudisha dukani. Muuzaji haichungulii hata kidogo. "Umeiua mwenyewe, ndugu yangu. Barabara zenu hizo!" Unainamisha kichwa, unakwenda kukopa hela ya ringi na pistoni.

Sisi tunasema umeibiwa mchana kweupe, na mwizi umemuaga kwa heshima.

Waranti iliyoandikwa katika kile kitabu ulichopewa siyo zawadi ya mwenye duka. Umeilipia ndani ya bei. Kiwanda kimeahidi kwamba kifaa kikifa kabla ya muda au kabla ya kilomita zilizotajwa, hasara ni yake. Muuzaji akikwambia "nenda kawaulize India", mwambie hukununua India. Pesa yako aliipokea yeye, na risiti ameitoa yeye.

Hata kama kitabu hakipo, sheria ipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi anayojua mnunuzi anakwenda kuifanya. Basi tuulizane: mtu anayeuza pikipiki Mpanda hajui kwamba itapita vumbi la Katumba na abiria nyuma? Alidhani unaipeleka kwenye lami ya Dar es Salaam? Tena kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, na yenye sehemu nzima juu ya wajibu wa mtengenezaji kwa mlaji. Iliandikwa kwa Kiingereza. Kijiweni nani aliwahi kuja kuisoma? Wakati wa kura wakubwa wanakuja na fulana na kofia. Sheria inayomlinda mlalahoi wanaiacha kabatini.

Lakini mtego mkubwa uko hapa. Risiti ina jina la tajiri, hasara ina jina lako. Pikipiki imelala kwa fundi, hesabu ya siku inadaiwa palepale. Tajiri hana haraka ya kwenda dukani kugombana, kwani wewe ndiye unayeendelea kulipa. Kwa hiyo kabla hujatia saini, dai mambo mawili yaandikwe: kwamba nakala ya risiti na kitabu cha waranti utakaa nayo wewe, na kwamba siku chombo kinaposubiri waranti hesabu inasimama. Akikataa, umeshajua ni mtu wa namna gani.

Ukweli nao tuuseme. Taa, matairi, cheni na viatu vya breki huisha kwa kazi, usivipeleke kwenye waranti. Ukiruka sevisi ya kwanza, ukatia oili ya kupima kwenye chupa, ukamwita fundi wa chini ya mwembe afungue injini kabla muuzaji hajaiona, umempa adui risasi. Injini ikigonga, izime. Piga picha ya kilomita. Usifungue kitu. Nenda na risiti ya mashine na kitabu chenye mihuri ya sevisi. Toa malalamiko kwa maandishi, yawe na tarehe, na muuzaji asaini nakala yako. Akikataa chombo, akatae kwa maandishi pia. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo FCC au mahakamani. Maneno ya mdomoni huishia dukani.

Usidhani viwanda vikubwa havipigi magoti. Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa ya magari iliyokuwa ikilipuka na kurusha vipande vya chuma. Watu walikufa, wenzao wakalalamika, wakashitaki, wakang'ang'ania. Mamilioni ya magari yakaitwa duniani, kifaa kikabadilishwa bure, na mwaka 2017 Takata yenyewe ikafilisika. Waliobadilishiwa hawakupewa hisani.

Nawe wa Katumba, tunajua kinachokurudisha nyuma. Wazee wako walikimbia Burundi mwaka 1972, wakafyeka msitu, wakaishi miaka mingi wakiomba kibali hata cha kutoka nje ya makazi. Mtu aliyelelewa katika kuomba ruhusa huona kudai ni utovu wa adabu. Vyeti vya uraia vilianza kugawiwa mwaka 2014. Kazi ya cheti kile haiishii kwenye sanduku la kura. Kinafika mpaka kaunta ya duka, unaposema: hiki ni kibovu, nibadilishie.

Usiende peke yako. Kijiwe chenye pikipiki kumi za aina moja, na nne zimekufa injini mwezi wa tatu, kiandike barua moja yenye saini kumi. Mmoja ataambiwa ameiua mwenyewe. Kumi hawaambiwi hivyo, maana muuzaji anajua mwezi ujao watanunua kwa nani.

Haki haiombwi, hudaiwa. Kitabu cha waranti unacho. Kitoe chini ya kiti!