Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Aliye Nje ya Mlango Naye Aitwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Lugarawa, katika milima ya Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, nikiwa mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka saba sasa kazi yake kubwa nyumbani ni kuilinda siha ya mkewe, mwenye maradhi ya kisukari aina ya pili. Na haja yangu, ambayo utaniwia radhi nikiieleza kwa urefu, ni moja tu: kwamba siku mgonjwa wa sukari anapopewa dawa na nasaha, yule anayekula naye chungu kimoja naye aitwe ndani, aketi, afundishwe.

Mke wangu alipopimwa kwa mara ya kwanza tulikuwa safarini, tumekwenda kumtazama binti yetu aliyejifungua, na katika kituo kimoja nisichokuwa na haja ya kukitaja, sukari yake kabla ya kula ilisomeka 14, hali 7 tayari ni kiwango cha maradhi. Mimi niliketi nje kwenye benchi, nimeupakata mkoba wake. Alitoka na pakiti mbili za vidonge, metformini na glibenklamaidi, akaniambia, "Mwalimu, wamesema niache sukari." Elimu yangu yote ikawa hiyo, nami niliyezoea kutii agizo kwa ukamilifu, tulipofika nyumbani nikatwaa kopo la sukari, chupa ya asali na soda za wajukuu, nikawagawia majirani, nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Ikapita miezi, ukaingia Julai na baridi yake, na jirani yetu mmoja akafariki. Mke wangu alimeza vidonge vyake alfajiri, akaenda kuwapikia wafiwa hadi alasiri bila kutia kitu kinywani, kwani apikaye msibani aghalabu hula wa mwisho. Alirudi anatetemeka, jasho likimtiririka katika baridi ambayo sisi wengine tulivalia makoti mbele ya moto, akanitazama kana kwamba hanijui, na maneno aliyoyatamka hayakuwa ya Kiswahili wala ya Kipangwa. Nilidhani ni malaria. Nikamfunika blanketi, nikateleka maji. Rehema ya Mungu ikamleta mkunga mmoja mstaafu, akamgusa shingo, akauliza, "Amekula huyu? Sukari iko wapi?" Nikasimama katikati ya nyumba yangu, nyumba isiyo na sukari hata chembe, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyeitoa. Mjukuu alikimbia kwa jirani yule yule niliyempa kopo letu, vijiko vitatu vikakorogwa katika nusu kikombe cha maji, akanywa kidogo kidogo tukiwa tumemwinua, na haikupita robo saa akaniuliza kwa nini nalia.

Baadaye ndipo nilipofahamishwa kwamba glibenklamaidi huisukuma kongosho itoe insulini, chakula kiwe kimeingia au hakikuingia, na kwamba mwenye kuitumia akikosa kula sukari yake yaweza kushuka hata akazimia na kufa. Lakini metformini, ikitumika peke yake, kwa kawaida haileti hatari hiyo, bali hulichafua tumbo ikimezwa bila chakula. Maneno haya hayazidi dakika mbili. Laiti yangalisemwa nami nikiwa ndani ya chumba kile, mke wangu asingalifika ukingoni mwa kaburi kwa sababu ya bidii ya mumewe.

Fauka ya hayo, Mheshimiwa, Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limekwisha kuonya kwamba glibenklamaidi haiwafai waliopita umri wa miaka 60, likaweka gliklazaidi mahali pake. Mke wangu alikuwa na miaka 63. Naomba kwa dhati gliklazaidi iwafikie wazee wa vijijini hata katika zahanati ya mwisho wa barabara.

Juu ya chakula ningeweza kuandika kitabu. Nasaha za kuacha sukari humfanya mtu atazame kikombe cha chai akaisahau sahani, na huku kwetu sahani ndiyo yenye neno: asubuhi ugali uliolala, viazi mviringo mchana, ugali tena usiku, wanga juu ya wanga, na ukarimu wetu hupimwa kwa urefu wa mlima wa ugali. Imeenea pia dhana kwamba ulezi ni dawa ya sukari, basi mgonjwa hupikiwa uji wa ulezi bakuli zima akiambiwa anywe bila hofu. Walakini ulezi nao ni wanga, na kinachotazamwa ni kiasi. Majira ya mvua huja na ulanzi, ambao ukitoka tu kugemwa ni mtamu kama maji ya sukari, na ukichachuka unakuwa pombe, nayo kwa mwenye vidonge kama vya mke wangu na tumbo tupu ni hatari ya namna nyingine. Sisi tumejifunza kupima ugali wa dona kwa ngumi ya mgonjwa mwenyewe, nusu ya sahani ikawa kabeji au majani ya maboga, maharage pembeni, na kipande cha parachichi, tunda ambalo mkoa wetu unalipeleka ng'ambo na ambalo mgonjwa huyu halazimiki kuliogopa. Nami nakula hicho hicho. Mgonjwa aliyetengewa chungu chake peke yake hujiona ametengwa na ukoo, akaanza kula kwa siri.

Iko hatari ambayo sidhani aandikaye nasaha akiwa pwani angeikumbuka. Kisukari hufisha hisia za nyayo, na huku watu huota moto jioni wakinyoosha miguu hadi karibu na mafiga. Mke wangu aliungua kidole gumba asijue, mpaka nilipoona lengelenge wakati namvua soksi. Tangu hapo kila usiku nawasha tochi, nakagua kati ya vidole kimoja kimoja.

Zamani maradhi haya yalihesabiwa kuwa ya watu wa mjini. Profesa Donald McLarty na wenzake, walipopima watu wazima wa vijiji sita vya Tanzania, walitangaza mwaka 1989 kwamba wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika mia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ukawakuta tisa katika mia, na ingawa vipimo viwili hivyo havikufanywa kwa namna moja, hakuna ajuaye vijiji vyetu atakayebisha kwamba mambo yamebadilika.

Kwa hiyo naomba kadi ya kliniki ya kisukari iwe na mahali pa kuandika jina la mwenzi aliyefundishwa, na tarehe ya kufundishwa kwake, kama vile baba anavyoitwa siku hizi katika kliniki ya wajawazito. Karatasi za nasaha ziandikwe kwa vyakula vya kila mkoa. Na katika kuitekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, vijiti vya kupimia sukari nyumbani vihesabiwe pamoja na dawa, maana kumpa mtu kidonge kinachoshusha sukari bila kumpa njia ya kuiona ikishuka si insafu.

Ninapoandika haya mke wangu ameketi mbele yangu, miguu yake mbali na moto, anachambua maharage ya kesho. Kopo la sukari limerudi juu ya kabati, na kila mjukuu anajua lilipo na vijiko vingapi.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Lugarawa, Ludewa