Wakala wa Mchezaji au Dalali wa Mtoto?



Kila jioni katika kata yetu ya Daraja Mbili na mitaa ya jirani, vijana hukusanyika kucheza mpira hadi giza liingie. Mwezi Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, kisha ujenzi wa uwanja mpya ukaanza huko Olmoti. Tangu hapo ndoto ya soka imeingia hata katika nyumba ambazo zamani ziliuona mpira kuwa uvivu. Ndoto hiyo ina mtu wake anayeipigia hodi, naye ni wakala wa wachezaji. Tume ya Haki na Amani imeona ni wajibu kumzungumzia, kwa kuwa kazi yake inagusa haki ya mfanyakazi na usalama wa mtoto.

Tuseme mapema kwamba kazi ya wakala ni kazi halali. Kijana hodari uwanjani si lazima awe hodari wa kusoma mikataba. Anahitaji mtu wa kumtafutia klabu, kumzungumzia mshahara, kuuliza nani atalipa matibabu akiumia, na kumtetea malipo yake yanapocheleweshwa. Anayefanya hayo kwa uaminifu anastahili ujira wake kama fundi yeyote.

Mfano mwema tunao. Mbwana Samatta, aliyezaliwa Desemba 1992, alipitia African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akiwa ametimiza miaka 18. Huko alitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015. Januari 2016 alihamia Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Katika safari hiyo magazeti yetu yalimtaja mara nyingi Jamal Kisongo kama meneja wake. Tuangalie jinsi ngazi hiyo ilivyopandwa. Kila hatua ilikuwa na klabu inayojulikana, na umri wa kuvuka mpaka ulikuwa umetimia. Hakuondoka usiku na mtu asiye na anwani.

Sisi wakazi wa Arusha tunawajua madalali, wawe wa viwanja, wa ng'ombe mnadani au wa tanzanite. Dalali ana nafasi yake sokoni. Lakini dalali huangalia bei, na bidhaa ikishauzwa kazi yake imekwisha. Jiwe halipigi simu usiku kueleza kwamba limelala njaa. Kijana si jiwe. Anayemchukua mwana wa mtu kumpeleka ugenini anabeba dhamana ambayo haimaliziki siku ya kupokea fedha.

Njia za matapeli wa soka hufanana popote walipo. Mtu hufika uwanjani siku ya mashindano ya mchangani, akiwa na simu nzuri na picha alizopiga na wachezaji mashuhuri. Humsifu kijana mbele ya wenzake, kisha huwafuata wazazi na barua ya mwaliko wa majaribio ughaibuni. Baada ya siku chache huanza kudai fedha za viza, za tiketi, za vipimo vya afya, na za "kufungua faili". Kwa sababu ya aibu na matumaini, mama hukopa VICOBA, baba huuza pikipiki, au ukoo huuza kipande cha shamba la migomba huko Meru. Fedha zikikamilika, simu huzimwa. Wakati mwingine kijana husafiri kweli, na hapo ndipo msiba huwa mkubwa zaidi.

Tufanye hesabu ndogo. Kanuni za mawakala zilizoanza kutumika mwaka 2023 chini ya Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, ziliweka kikomo cha asilimia 5 kwa wakala anayemwakilisha mchezaji ambaye mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 200,000, na asilimia 3 kwa kiasi kinachozidi hapo. Kikomo hicho kilisimamishwa mwishoni mwa Desemba 2023 kutokana na kesi zilizofunguliwa Ulaya, lakini kinatusaidia kupima mambo. Mchezaji anayelipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi angemlipa wakala wake shilingi 50,000. Anayedai shilingi 3,000,000 kabla ya safari anataka kupata kwa siku moja kile ambacho mwaminifu angekipata kwa miezi 60. Basi hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: wakala wa kweli hula baada ya mchezaji kula. Anayekula kwanza, kijana akiwa bado hajapiga hata mpira mmoja, huyo hatafuti klabu. Amekwisha kupata alichokitafuta.

Kanuni hizohizo zinatupa maswali ya kumuuliza mgeni. Leseni hutolewa kwa mtu binafsi aliyefaulu mtihani, wala si kwa kampuni, na majina ya wenye leseni hutangazwa wazi na FIFA. Mkataba wa kumwakilisha mchezaji lazima uwe wa maandishi, tena usizidi miaka 2. Wakala anapaswa kumshauri mchezaji kwa maandishi atafute mwanasheria wake mwenyewe. Haruhusiwi kumwendea mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, tena si kabla ya miezi 6 ya mwisho kuelekea umri ambao sheria ya nchi inamruhusu mchezaji kusaini mkataba wa kulipwa. Kuhusu kuhamia klabu ya nchi nyingine, mchezaji asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama wazazi wake kuhama kwa shughuli zisizohusu soka. Anayemwahidi mtoto wa miaka 15 kwamba atacheza Ulaya mwaka huu, ama hajui kanuni au anazivunja kwa makusudi.

Madhara yake yameonekana. Mwaka 2015 ilifichuka habari ya vijana 23 kutoka Liberia waliopelekwa Laos, bara la Asia, kwa ahadi ya akademi ya soka. Walilala wengi katika chumba kimoja, hati zao za kusafiria zikashikwa, na malipo waliyoahidiwa hayakuonekana. Wengi wao walikuwa watoto. Hayo ni mambo ya jinai. Hapa kwetu ipo Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mpira mguuni haumwondolei ulinzi huo.

Hata hivyo, tusimlaumu mgeni peke yake. Yosefu hakukamatwa na wafanyabiashara waliopita njiani. Aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Kikulacho ki nguoni mwako. Yupo mjomba anayepokea "shukrani" ili amshawishi dada yake. Yupo kocha wa mtaa anayeuza majina ya wachezaji wake. Wapo wanaobisha hodi katika ofisi za parokia wakiomba cheti cha ubatizo kiandikwe mwaka mwingine wa kuzaliwa. Kwa hilo jibu letu ni moja. Daftari la ubatizo ni ushahidi mbele ya Mungu na mbele ya watu. Anayempunguzia kijana miaka anamfundisha kuanza kazi yake kwa uongo, na anayemwongezea anamwondolea ulinzi wa sheria.

Wengine watasema kwamba mikataba ni mambo ya wakubwa. Tukumbuke suala la Feisal Salum, mchezaji wa timu ya taifa, na klabu yake ya Yanga. Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba kwa kurudisha shilingi milioni 112, lakini Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, iliamua kwamba bado alikuwa mchezaji wa Yanga. Shauri lilichukua miezi, hata Rais wa nchi akaiomba klabu ilimalize, na Juni 2023 akahamia Azam. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Tunauliza tu: ikiwa sahihi ya mchezaji mashuhuri, mwenye wanasheria, ilikuwa nzito kiasi hicho, sahihi ya kijana wa Daraja Mbili aliyesaini juu ya boneti ya gari itakuwaje?

Kanisa limefundisha tangu Rerum Novarum ya mwaka 1891 kwamba nguvu kazi ya mtu haiwezi kutendewa kama bidhaa tupu, na mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II katika Laborem Exercens alikazia kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Mchezaji ni mfanyakazi, na mwili wake ndio chombo chake cha kazi, tena kwa miaka michache tu. Anayemdhulumu leo anamdhulumu na uzee wake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila jumuiya ndogondogo iwe na watu wawili wanaojua kusoma mkataba, na pasiwepo familia inayosaini peke yake. Wanasheria na walimu waumini wajitolee. Pili, mzazi asitoe fedha yoyote kabla ya kuthibitisha leseni ya wakala na kuuliza klabu inayotajwa kupitia TFF au chama cha mpira wa miguu cha mkoa. Tatu, timu za mitaani zijisajili na kutunza kumbukumbu. Asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23, lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, penye dalili za udanganyifu, taarifa ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Siku ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, tarehe 8 Februari, ambayo tangu mwaka 2015 ni siku ya kuombea waathirika wa biashara ya binadamu, VIWAWA, WAWATA na UWAKA wakae pamoja na vijana wachezaji kuyajadili haya.

Hatumkatazi kijana kuota. Talanta aliyopewa na Mungu haikutolewa ili ifukiwe ardhini, wala haikutolewa ili wengine waipige mnada. Mwache acheze, asome, akue, na siku ya kuondoka ikifika, aondoke mchana, akiwa na hati zake mkononi na jumuiya nzima ikijua aendako.

Tumsifu Yesu Kristo.