Uzunguni Kuna Kura, Ziko Jikoni

Makamanda, kuna kauli moja nimechoka kuisikia kwenye vikao vyetu hapa Tabora. Kila tukikaa kupanga uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, lazima mmoja asimame aseme: "Uzunguni tusipoteze muda, kule ni kwao." Tunapiga makofi, tunagawana Ng'ambo, Isevya, Kiloleni na Ipuli, kikao kinafungwa. Wiki iliyopita na mimi nilipiga makofi. Usiku nimelala nikajiuliza: ni kwao na nani?

Kwa wasioujua mji wetu, Uzunguni ninayoisema si kata. Ni jina la mazoea la ile mitaa yenye viwanja vipana, miembe mikubwa na nyumba za ukuta na geti. Kila mji wa zamani nchi hii unayo. Mkoloni alijitengea, baada ya Uhuru wakaingia wakubwa wa serikali, siku hizi na wafanyabiashara wamo. Sisi wengine tumezaliwa Ng'ambo. Ng'ambo ya wapi? Ukishaita sehemu ng'ambo, umeshaamua katikati ni wapi.

Mimi Uzunguni nimeijulia kwenye sufuria. Mama yangu alikuwa mama ntilie kule kwa miaka tisa. Mwembe mmoja, mabenchi mawili, ndoo ya kunawia, basi. Wateja wake walikuwa madereva, walinzi, mafundi, vijana wanaouza kwenye maduka ya jirani, na madada wa kazi waliotumwa mkate wakachelewa makusudi ili wapige stori dakika tano. Alipika ugali, maharage na mlenda, na msimu wake ukifika michembe na chai ya rangi. Alikuwa na kile kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kilichotolewa na Magufuli mwishoni mwa 2018, kile cha elfu ishirini. Alikitia kwenye nailoni akakivaa shingoni kama rozari. Tuliambiwa ukiwa nacho hakuna wa kukubughudhi, na mama aliamini kabisa.

Oktoba 2021 ikaja ile amri ya nchi nzima, wamachinga wote wapishe barabara waende kwenye maeneo waliyotengewa. Mwenye kitambulisho na asiye nacho walikunja mabenchi siku moja.

Sitaki tudanganyane. Kupanga mji si dhambi, na kuna mahali watu walikuwa wanatembea katikati ya magari kwa sababu njia ya miguu imejaa meza. Hilo nalikubali mchana kweupe. Lakini mlinzi mwenye nusu saa ya kula hawezi kutembea kilomita mbili kufuata maharage. Eneo jipya lilikuwa na mabati mazuri na halikuwa na walaji. Mama alivumilia miezi mitatu, akarudi nyumbani kuuza mkaa wa kupima kwenye makopo.

Na pale chini ya mwembe? Kuna mgahawa sasa. Uzio wa mianzi, taa za rangi, viti vya mbao vyenye mito. Magari ya wateja yanaegeshwa palepale ambapo benchi la mama lilisemwa linaziba njia. Wanauza "chakula cha asili". Nilikwenda siku moja nikaagiza ugali wa dona na mlenda, elfu saba. Mama alikuwa anauza buku na mia tano. Niseme ukweli, mlenda ulikuwa mtamu, na nilijua mkono uliousonga ule ugali. Mpishi ni jirani yetu wa Ng'ambo, walikuwa wanapanga benchi pamoja na mama.

Mwenye mgahawa sina ugomvi naye. Ameajiri watu, analipa leseni, kuku wake wa kuchoma familia zinamfurahia Jumapili. Ninachouliza ni kwa nini njia ileile inazibwa na benchi la maskini na haizibwi na gari. Aliyepanga atujibu.

Lakini hata hilo la mama sio lililoniamsha kuandika. Mama angalau alikuwa barabarani. Na kwenye mji huu, tangu zamani, aliyeko barabarani ana nafuu kuliko aliyeko uani. Nipeni dakika mbili za historia.

Tabora imejengwa na mizigo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na wafanyabiashara wa pembe, Waarabu na Waswahili, wakajenga tembe zao Kazeh na Kwihara. Kwihara ya wakati ule ndiyo ilikuwa Masaki ya bara: nyumba kubwa, ua mpana, bustani, wageni wa heshima. Burton na Speke walifika Kazeh Novemba 1857 wakakirimiwa. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe lao limefanywa makumbusho. Nilipelekwa pale nikiwa shule ya msingi. Nilirudi nakumbuka chumba cha mzungu tu. Nani alikuwa anampikia? Sikuuliza.

Sasa, mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa anabeba pembe na vitambaa, zaidi ya kilo thelathini begani, mwendo wa kama miezi mitatu kati ya pwani na hapa, watu wengi wanadhani alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa. Walikuwa vibarua wa kulipwa. Walikubaliana ujira kabla ya kuondoka, walidai posho ya njiani, na posho ikipunguzwa wanatua mizigo chini. Msafara mzima unasimama porini mpaka mwenye mali aongee vizuri. Wazungu waliandika vitabu vizima kulalamika kwamba wapagazi ni wakorofi. Leo tunajua jina lake: ule ulikuwa mgomo. Mababu zetu walikuwa wanagoma kabla chama chochote cha wafanyakazi hakijazaliwa nchi hii.

Waliokuwa watumwa walikuwa wengi ndani ya ule ua. Waliofagia, waliopika, waliobeba watoto wa tajiri, waliolima mashamba yanayolisha nyumba. Wao hawakuwa na mzigo wa kutua. Wangeutua wapi, na nani angesimama kuwasubiri? Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja 1922, na kwenye karatasi yakaisha.

Karatasi yenyewe tuisome basi. Binti wa mama yangu mdogo anafanya kazi za ndani Uzunguni. Ana miaka 20, baba yake analima tumbaku Sikonge. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandaa watoto kwa ajili ya basi la shule. Analala tamthilia zikiisha, saa nne usiku, na mtoto mdogo akilia ni yeye anayeinuka. Jumapili anakwenda na familia kanisani akiwa amembeba mtoto, halafu wanapita kula kuku palepale chini ya mwembe wa mama. Yeye anamshika mtoto wenzake wale. Chakula chake kipo nyumbani, cha jana. Mlo mmoja wa ile meza unazidi nusu ya mshahara wake wa mwezi, ambao ni elfu arobaini.

Amri ya kima cha chini iliyoanza tarehe 1 Januari 2023 ilisema mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri asilipwe chini ya elfu sitini. Anayerudi kwake kulala, laki moja na ishirini. Kwenye nyumba za mabalozi na maofisa wakubwa viwango vilikuwa juu zaidi. Hiyo elfu arobaini ni kima cha mwaka 2013! Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo haikumtoa dada wa kazi nje, inasema saa tisa kwa siku, saa 45 kwa wiki, saa 24 za kupumzika kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Nilimsomea binti yule kwenye simu. Akacheka. Akaniuliza, "Kaka, likizo ya kwenda wapi?"

Yule mama mwenye nyumba si shetani, nisije nikaeleweka vibaya. Na yeye anaamka saa kumi na moja. Anafanya kazi, mume anafanya kazi, mtoto wa mwaka mmoja hana pa kuachwa, kwa sababu vituo vya kulelea watoto wadogo vya bei ya mtumishi wa kawaida hakuna aliyeona umuhimu wa kuvijenga. Serikali imemsukumia mzigo, na yeye amemtwika aliye chini yake. Hivi ndivyo msafara unavyokwenda. Ila elfu ishirini inayopungua kila mwezi haiko serikalini. Iko mfukoni mwake.

Na sasa tuje kwetu, maana kunyooshea wengine kidole tunakujua sana. Mwaka huu nilihudhuria kikao cha ndani kwenye nyumba ya mmoja wa viongozi wetu. Simtaji, na akisoma atajijua. Ajenda ya pili ilikuwa hali ngumu ya wafanyakazi, na tulitoa maneno makali mno. Chai ililetwa na binti mdogo, kimya, akapiga goti kwa kila mtu. Nilimfuata jikoni kurudisha kikombe nikamuuliza analipwa ngapi. Elfu thelathini na tano. Nilirudi kukaa. Sikusema kitu. Nilimaliza na maandazi.

Kwa hiyo ninapoandika haya na mimi nimo.

Turudi kwenye ile "ni kwao". Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na mkazi wa mtaa mwenye miaka 18. Mkazi ni anayeishi pale, hata kama hati ya kiwanja ina jina la mwingine. Ichukue nyumba moja: baba, mama, watoto wawili wadogo. Kura mbili. Uani kuna dada wa kazi na kijana wa bustani anayelala chumba cha nje. Kura mbili. Sare! Nyumba ya tatu kutoka hapo wana madada wawili na mpwa aliyeletwa kutoka kijijini "kusoma" ambaye daftari hajalishika tangu Januari. Mlinzi anayerudi kwake asubuhi simhesabu, huyo ajiandikishe kwao. Hata bila yeye, hebu zungukeni mtaa mzima mkihesabu milango ya nyuma badala ya mageti, halafu mje mniambie Uzunguni ni kwa nani.

Najua jibu la haraka: "Wataengua wagombea wetu tena." Inawezekana. Mwaka 2019 walienguliwa kwa maelfu kwa visingizio vya herufi na mihuri, vyama vya upinzani vikajitoa, CCM wakabeba zaidi ya asilimia 99 ya mitaa. Sijasahau, fomu nimejaza mwenyewe. Lakini aliyeenguliwa akiwa na wapiga kura nyuma yake na aliyeenguliwa akiwa peke yake sio watu wawili sawa. Halafu kuna jambo dogo ambalo sisi wa mitandaoni hatulioni. Yule binti hana kitambulisho cha taifa. Ili akipate anahitaji barua ya mtaa. Akidhulumiwa mshahara, mlango wa kwanza wa kugonga ni ofisi ya mtaa. Kwake yeye mwenyekiti wa mtaa ana maana kuliko mbunge, na hajawahi kumwona hata mmoja akiingia kwa mlango wa jikoni.

Uandikishaji ni tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Na msije mkachanganya watu, hili ni daftari la wakazi, siyo lile la kudumu la Tume. Mwenye kadi ya Tume naye aende akajiandikishe. Napendekeza timu ya Isevya itoe vijana sita, wa kike wawe wengi, maana kijana wa kiume akionekana anaongea na dada wa kazi getini, binti anaweza kufukuzwa jioni hiyohiyo. Waende asubuhi saa mbili, wenye nyumba wakishatoka. Wakae kwenye genge la mboga na kwenye duka la gesi, madada wanapita hapo wote. Wasibebe bendera.

Na kabla ya tarehe 11, kiongozi yeyote wa chama hiki Tabora mwenye dada wa kazi afikishe elfu sitini. Nitalisema hili kwenye kikao cha Jumamosi, na safari hii nitaanza kusema kabla chai haijaletwa.

Binti wa mama mdogo amekubali kujiandikisha. Kituo kiko kama dakika kumi kutoka kwao. Shida ni kutoka. Jana nilikwenda mwenyewe, nikagonga geti, nikamsalimia mama mwenye nyumba kwa adabu zote, nikamwomba ampe saa moja tu Jumamosi ya tarehe 12. Alinisikiliza, akamtazama mtoto, akatazama saa yake.

Amesema ataangalia.