Majina Mawili, Orodha Moja

Katika lugha yetu, kunakili ni kutoa kitu cha pili kutokana na cha kwanza. Mwanafunzi akinakili maandishi ya ubaoni, ubao waweza kufutwa na daftari lake lisidhurike. Kwa hiyo naona ni kosa kuwafundisha vijana kwamba katika lugha za kompyuta kama Java na Python, alama ya usawa hunakili orodha. Hainakili.

Tuchukue mfano wa karani apokeaye kamba kutoka kwa wavuvi wa Salale, katika delta ya Rufiji. Wavuvi huita kamba vitu viwili, mnyama wamvuaye na ugwe wa kufungia mtumbwi, wala hawakosei. Kompyuta hutuletea kinyume chake: majina mawili kwa kitu kimoja. Karani ana orodha A ya mitumbwi, na kila mtumbwi ni kitu chenye jina lake na kilo ulizoleta jana. Ili aandike za leo, anaamuru B = A, kisha anabadili kilo katika B. Akirudi kutazama A, hesabu ya jana imepotea! Sababu ni kwamba A haikubeba orodha, bali anwani ya mahali ilipo katika kumbukumbu ya kompyuta. B ikapewa anwani ile ile.

Akitumia amri ya kunakili orodha, atapata orodha mpya, na mtumbwi atakaouongeza katika B hautaonekana katika A. Lakini nafasi za orodha zote mbili bado zinaelekeza kwenye mitumbwi ile ile. Akibadili kilo za mtumbwi mmoja, zimebadilika kotekote. Hapa hata mafundi hunaswa. Hana budi kunakili kila mtumbwi pia: Python ina amri ya kazi hiyo, lakini katika Java kwa kawaida mwandishi wa programu hujiandikia mwenyewe.

Wako wasemao kwamba lugha hizi zimeundwa vibaya. Sikubaliani nao. Kunakili kila kitu hula muda na nafasi. Tena mtumbwi ukibadilishwa jina, twataka orodha zote zijue, maana majini uko mmoja tu.

Walimu wenzangu, tutenganishe basi maneno haya: kuelekeza, kunakili orodha, na kunakili orodha pamoja na vitu vyake. Na kabla ya mwanafunzi kugusa mashine, achore visanduku na mishale ubaoni. Chaki yatosha, hata pasipo umeme.