Kulia kwa Nani? Lugha ya Sheria katika Polo ya Baiskeli

Wahenga walinena kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Katika polo ya baiskeli, hata hivyo, mwanzo si lele, ni kishindo. Mchezo huu ulibuniwa nchini Ireland mwaka wa 1891 na Richard Mecredy, aliyewahi kuwa bingwa wa mbio za baiskeli, na ukaonyeshwa katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka wa 1908. Aina yake ya mijini, inayochezwa watatu kwa watatu juu ya saruji au lami, ilichipuka mjini Seattle, Marekani, mwishoni mwa karne ya 20, miongoni mwa vijana waliosambaza barua na vifurushi kwa baiskeli.

Katika aina hiyo, mpira huwekwa katikati ya uwanja, nazo timu hujipanga kila moja kwenye mwisho wake. Ishara itolewapo, mchezaji mmoja kutoka kila upande huukimbilia mpira kwa kasi yake yote, gongo mkononi. Waendeshaji wawili huelekea nukta moja wakitazamana. Kinachowatenganisha na ajali ni sentensi moja ya sheria.

Na tuseme mfasiri ameiandika sentensi hiyo hivi: "Mchezaji apite kulia." Je, kulia kwa nani? Mmoja ataelewa kwamba apite upande wa kulia wa mpira. Mwenzake ataelewa kwamba mpira uwe kuliani kwake, naye apite kushoto. Wote wawili watakuwa wametii sheria, na wote wawili watagongana uso kwa uso. Darasani, utata wa sentensi hufundishwa kwa mifano ya kuchekesha. Hapa utata huohuo waweza kuvunja mfupa.

Sentensi salama ni hii: "Kila mchezaji aupitie mpira ukiwa upande wa mkono wake wa kulia." Kwa kuwa wachezaji wengi hushika gongo kwa mkono wa kulia, kanuni hii huwapa nafasi ya kupiga na huwapitanisha bila kukutana. Mkenya ataielewa upesi, maana ndivyo magari yanavyopishana barabarani: kila moja hushika kushoto, na lile jingine likapita kuliani kwake.

Wapo watakaodai kwamba kanuni hii inamwonea mwenye shoto. Hoja yao ina uzito, kwa sababu atalazimika kupiga mpira kwa upande usiomfaa. Lakini akiruhusiwa kuuweka mpira kushotoni mwake, atakuwa katika njia ileile ya mpinzani wake. Heri timu imtume mwingine aukimbilie mpira, au pande zote zikubaliane kurusha sarafu na kuziacha mbio hizo kabisa. Haki ya mmoja kupiga vizuri haiwezi kuzidi haki ya wawili kurudi nyumbani wazima.

Wengine watasema kwamba ajali haina kinga, na kwamba kofia ngumu, breki thabiti na ncha za usukani zilizozibwa zatosha. Vifaa hivi ni vya lazima. Hata hivyo, kofia hupunguza madhara ya mgongano, haiuzuii. Kinachouzuia ni wachezaji wawili kuielewa njia yao kwa namna moja kabla ya ishara kutolewa.

Hapa ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapohusika. Mara nyingi juhudi zao katika michezo hukomea kwenye msamiati: kipi kiitwe gongo, kipi kiitwe lango. Kazi hiyo ni njema, lakini istilahi pekee haiongozi baiskeli. Mwenye kutafsiri sheria za mchezo hana budi kuisimamisha sentensi yake uwanjani, aitazame kutoka pande zote mbili, kisha aulize: kulia kwa nani? Asipopata jibu moja tu, na aiandike upya kabla mpira haujawekwa katikati.