Umemgeuzia mtoto skrini ya kompyuta? Iangalie na shingo yake

Mama mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, alidhani mwanawe wa kidato cha tatu anadeka. Kila jioni akimaliza kujisomea, kijana alishika shingo na kulalamika kuwa kichwa kinamuuma. Alipewa dawa ya maumivu, akalala, na kesho yake hali ikawa ile ile.

Kompyuta aliyokuwa akiitumia ni ya mezani, iliyonunuliwa mtumba na kuwekewa Ubuntu, mfumo endeshi huria usiohitaji kulipiwa leseni. Wiki mbili kabla ya maumivu kuanza, binamu yake alimgeuzia skrini isimame wima ili kurasa za vitabu zionekane nzima. Wazo lilikuwa zuri. Kilichosahaulika ni kwamba skrini iliachwa juu ya rundo lile lile la vitabu ililokalia tangu mwanzo, na sasa ukingo wake wa juu ulikuwa umepita kichwa cha kijana. Kila alipoanza ukurasa mpya, alilazimika kuinua kidevu.

Mzazi, kabla hujamwambia mtoto aache kudeka, kaa kwenye kiti chake kwanza.

Kwa nini watu huigeuza

Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi na kimo cha sentimita 30. Karatasi ya A4, ambayo ndiyo umbo la notsi na mitihani mingi ya zamani, ina upana wa sentimita 21 na kimo cha karibu 30. Skrini ikiwa imelala, ukurasa mzima hautoshi kwa ukubwa wake halisi, kwa kuwa sehemu ya juu huchukuliwa na vitufe vya programu. Mtoto ama hupunguza maandishi na kuyasogelea kwa macho, ama husoma nusu nusu huku akishusha na kupandisha ukurasa.

Skrini ikisimama, ukurasa huo huo huonekana wote, tena ukiwa umekuzwa karibu mara moja na nusu. Kwa mwanafunzi anayesoma vitabu vya kiada kwenye kompyuta, hiyo ni nafuu kubwa ya macho.

Tatizo ni kimo. Kilichokuwa sentimita 30 kwenda juu sasa ni 53. Usipoishusha skrini, shingo ndiyo itakayolipa.

Namna ya kuigeuza

Zima kompyuta kwanza, kisha hakikisha nyaya zina urefu wa kutosha. Stendi nyingi za bei nafuu hazizunguki. Usiiegemeze skrini ukutani wala kuibana kwa vitabu, kwani mtoto mdogo akivuta waya itamwangukia. Angalia mgongoni mwa skrini. Nyingi zina matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba, mara nyingi kwa umbali wa sentimita 10 kutoka moja hadi jingine. Hapo hufungwa mkono wa chuma, au fundi seremala anaweza kutengeneza kishikizo cha mbao chenye kitako kizito. Mwambie asizibe matundu ya kutolea joto.

Ikishasimama imara, washa kompyuta. Kwenye Ubuntu, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, uchague "Display Settings". Tafuta palipoandikwa "Orientation", uchague "Portrait Left" au "Portrait Right", kisha ubonyeze "Apply". Picha ikitokea kichwa chini miguu juu, chagua ule upande mwingine. Kwa wanaotumia Linux Mint, fungua "Display" kwenye menyu na utafute "Rotation".

Usiogope kuharibu. Ubuntu itakuuliza kama unataka kubaki na mabadiliko hayo. Usipojibu ndani ya sekunde 20, picha hurudi ilivyokuwa.

Mambo mawili huwachanganya wengi. La kwanza, ukurasa wa kuingizia nywila unaweza kuendelea kuonekana umelala. Kompyuta haijaharibika. Mpangilio uliobadilisha umehifadhiwa kwenye akaunti ya mtumiaji mmoja, na ukurasa ule hufunguka kabla hajaingia. Kwa sababu hiyo hiyo, kama kila mtoto ana akaunti yake, utarudia hatua hizi kwa kila mmoja.

La pili ni amri ya "xrandr" ambayo mafundi hupenda kuiandika. Kwenye matoleo mengi mapya ya Ubuntu haigeuzi skrini, na hata pale inapofanya kazi, mabadiliko hupotea kompyuta ikizimwa. Kwa matumizi ya nyumbani, njia ya mipangilio inatosha.

Sasa rudi kwa mtoto

Mwache akae kama anavyokaa siku zote, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini. Kama miguu inaning'inia, tafuta kigoda au boksi gumu aikanyage. Viwiko vikae karibu na mbavu, vimekunjwa kama herufi L.

Kisha mwambie atazame mbele bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Macho yake yakutane na ukingo wa juu wa skrini au chini yake kidogo. Ukingo ukiwa juu ya macho, shusha skrini. Ikiwa imefika mwisho wa kushuka, mwongezee mto mgumu kwenye kiti na uinue kigoda cha miguu. Skrini ilalie nyuma kidogo, na iwe mbali naye kwa urefu wa mkono ulionyooshwa.

Pia muulize anaonaje rangi. Baadhi ya skrini za bei nafuu hubadilika mwanga ukizitazama kutoka juu au chini. Ukizisimamisha, tatizo hilo huhamia pembeni, hivyo jicho la kushoto na la kulia huona mwanga tofauti kidogo. Akisema upande mmoja una giza, au macho yanachoka upesi kuliko zamani, ilaze skrini tena. Si kila skrini inafaa kusimama.

Mkao mzuri hauondoi haja ya kupumzika. Tukikodolea skrini tunapepesa macho mara chache, ndiyo maana yanakauka na kuwasha. Wataalamu wa macho hushauri kanuni rahisi: kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Mti wa jirani unatosha. Kucheza nje mchana nako husaidia kuchelewesha tatizo la kutoona mbali kwa watoto.

Kwa walio chini ya miaka mitano, mezani hapo si mahali pao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na kadiri inavyopungua ndivyo bora. Wa chini ya mwaka mmoja asitazame kabisa.

Wakati wa kwenda hospitali

Maumivu ya mkao hupungua mtoto akirekebisha kukaa na kupumzika. Yasipopungua ndani ya siku chache, apimwe. Mpeleke pia akiwa anakunja macho kuona ubao, anasogeza uso karibu na skrini, au anaumwa kichwa mara kwa mara. Ganzi au udhaifu wa mkono usisubiri. Na shingo ikikakamaa huku ana homa kali, anatapika au haupendi mwanga, muwahishe hospitali saa hiyo hiyo, kwani inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Yule kijana wa Tabata hakuhitaji dawa nyingine. Mama yake alikaa kwenye kile kiti, akatazama mbele, akakuta macho yake yanagota katikati ya skrini, naye ni mrefu kuliko mwanawe. Vile vitabu vilivyokuwa chini ya skrini vikaondolewa jioni ile ile. Skrini yenyewe bado imesimama wima.