Acha Kasuku Avunje

Nilimpelekea kasuku wa shangazi zawadi: vipande vya mbao vya rangi tano, vimetungwa kwenye mnyororo unaong'aa. Kwenye pakiti paliandikwa "asili". Wiki tatu baadaye ndege akaanza kutapika. Daktari wa mifugo akaomba kuuona mnyororo. Ulikuwa umepakwa zinki, na kasuku alikuwa akiibandua kidogo kidogo na kuimeza. Alipona. Mimi nimebaki na ugomvi na neno "asili".

"Lakini mwanangu, mti si mti tu?" shangazi aliniuliza. Hapana. Mparachichi ni asili, na ni sumu kwa ndege, kuanzia tunda hadi majani na gome. Mwerezi ni asili, na harufu yake kali inaudhi mapafu ya ndege. Mbao ya uzio ilikuwa asili kabla ya kutiwa dawa ya mchwa. Plaiwudi ni asili iliyoshikizwa kwa gundi. Anayekuuzia neno hilo hajakwambia kitu. Muulize: ni mti gani? Umepakwa nini? Umefungwa kwa kitu gani? Akishindwa swali moja tu, mrudishie mzigo wake.

Na usidanganywe na sifa ya "kinadumu". Kidude ambacho kasuku hawezi kukivunja ni pambo la mwenye nyumba. Kasuku wa kijivu hutaga kwenye mashimo ya miti katika misitu ya Kongo na Uganda, na mdomo wake haukomi kukua. Ameumbwa kutafuna. Asipopata cha kuvunja, mara nyingi huyageukia manyoya yake mwenyewe, akajinyonyoa hadi ngozi.

Wapo watakaosema dawa ni moja: asifugwe kabisa. Nakubaliana nao. Mwaka 2016, Johannesburg, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaokamatwa porini, na hawakukosea. Ila huyu wa shangazi ana kibali na miaka 19 ndani ya nyumba ile Mombasa. Msituni hajui hata pa kuanzia. Tulimnyima msitu, kumpa kipande chake kilicho salama si hisani, ni deni.

Na deni lenyewe ni dogo hata linatia aibu. Tawi la mpera usiopuliziwa dawa, likaoshwa na kuanikwa juani. Kifuu cha nazi kilichosafishwa. Waya wa chuma kisichoshika kutu. Dukani sijarudi tena.

Kila Jumamosi naning'iniza tawi jipya. Kufikia jioni limekuwa vumbi na vibanzi, shangazi analalamika kuhusu sakafu yake, nami nashika ufagio. Hapo ndipo najua nimechagua vizuri.